Kofia na Daraja la Meno: Mwongozo Kamili wa Kurudisha Jino Lililoharibika au Lililopotea

Gego la kwanza la kudumu huota mtoto akiwa na umri wa miaka 6 hivi, nyuma kabisa ya magego ya utotoni, bila jino lolote kung'oka ili kulipisha. Kwa sababu hiyo wazazi wengi hudhani kuwa nalo ni jino la utotoni ambalo litang'oka siku moja, wala hawalitunzi ipasavyo, na ndiyo maana kwa watu wazima wengi gego hilo limekwisha kuzibwa mara mbili au tatu, limemeguka upande mmoja, au limeng'olewa na kuacha pengo. Mwongozo huu unalifuata gego hilo katika hali zote mbili: likiwa limeharibika lakini mizizi yake bado ipo, ambapo linaweza kuvikwa kofia, na likiwa limeondoka, ambapo pengo lake linaweza kuzibwa kwa daraja. Meno ya mbele yana mambo yake machache ya pekee, nayo nitayataja yanapofika.

Kofia ya jino, ambayo wengine huiita taji au krauni, ni ganda gumu lililotengenezwa kwa kipimo cha jino la mtu mmoja tu, linalofunika sehemu yote inayoonekana juu ya fizi. Daraja ni jino bandia lililoshikamanishwa na kofia za meno jirani, ili meno hayo yalibebe juu ya pengo. Vyote viwili hugandishwa kwa simenti ya meno, na mwenye navyo havui usiku kama anavyovua meno bandia ya kawaida. Ili kofia ipate nafasi ya kukaa, daktari hulisaga jino pande zote, na mara nyingi zaidi ya nusu ya sehemu inayoonekana huondoka. Kilichosagwa hakioti tena. Kwa hiyo swali linalotangulia aina, rangi na bei ni kama jino lenyewe linaihitaji kofia, na kama msingi wake utaweza kuibeba.

Hatua ya kwanza: Kuupima msingi

Jino lenye tundu dogo halihitaji kofia, linahitaji kuzibwa. Kofia inafaa pale ambapo kijazo kimekuwa kikubwa kuliko jino lililobaki, pale ambapo upande mzima umemeguka, au pale ambapo gego limefanyiwa matibabu ya mzizi, yaani limetolewa kiini chake laini cha ndani na nafasi yake ikazibwa. Gego lililotibiwa mzizi limepoteza sehemu kubwa ya kuta zake za ndani, na linapotafuna linaweza kupasuka kutoka juu hadi chini. Mpasuko ukishafika katika mzizi, kwa kawaida jino hilo hung'olewa. Wapo watu wengi ambao hutibiwa mzizi, maumivu yakaisha, wakaacha kurudi kwa ajili ya kofia, kisha baada ya mwaka wakarudi na jino lililogawanyika vipande viwili. Ni hasara inayosikitisha, kwa kuwa kazi ngumu na ya gharama ilikuwa imekwisha kufanyika.

Daktari makini hupima mambo manne kabla ya kuzungumzia kofia. La kwanza ni kiasi cha jino zima kilichobaki juu ya fizi: panatakiwa ukingo wa jino lisilooza, wenye kimo cha milimita 2 hivi kuzunguka pande zote, ili kofia iukumbatie kama pete ya chuma inavyolikumbatia pipa. Kofia iliyowekwa juu ya kijazo peke yake, bila ukingo huo, hung'oka au huuvunja mzizi. La pili ni ncha ya mzizi, ambayo huonekana kwa picha ya eksirei. Kivuli cheusi kwenye ncha huashiria kwamba kuna ugonjwa katika mfupa. La tatu ni fizi, ambazo hupimwa kwa kijiti chenye alama za milimita: kina cha milimita 1 hadi 3 ni cha kawaida, na kikizidi hapo kikiambatana na damu, mfupa unaolishika jino huenda umeanza kuliwa. La nne ni namna mtu anavyouma, hasa kama husaga meno usingizini. Ukiambiwa kwamba unahitaji kofia na hakuna picha iliyopigwa wala fizi zilizopimwa, una haki ya kuomba vyote viwili vifanyike kwanza.

Hapa inafaa kuwakumbuka waliokulia Arusha, Moshi, Nakuru na sehemu nyingine za Bonde la Ufa na kandokando yake ambako maji yana madini mengi ya floraidi, na ambao meno yao yana madoa ya kahawia ingawa hayajaoza. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 za floraidi kwa lita moja ya maji ya kunywa, na katika maeneo hayo viko visima vinavyozidi kiwango hicho mara kadhaa. Wengi wao hutamani kuvikwa kofia meno yote ya mbele ili waweze kucheka bila kuziba mdomo kwa mkono. Hamu hiyo naielewa kabisa. Hata hivyo, kusaga meno 6 au 8 yasiyo na ugonjwa kwa ajili ya rangi ni gharama kubwa ya mwili, hasa kwa kijana wa miaka 20 ambaye kofia zake zitahitaji kubadilishwa mara kadhaa maishani. Aombe kwanza njia zinazoondoa kidogo: kusugua tabaka la juu lenye doa, kuyang'arisha meno kwa dawa chini ya uangalizi wa daktari, au kuyabandika maganda membamba upande wa mbele tu.

Katika hatua hiihii, mweleze daktari kama una kisukari, ugonjwa wa moyo, ujauzito, mzio wa dawa au wa madini, au kama unatumia dawa za kuzuia damu kuganda. Usiache dawa hizo kwa uamuzi wako mwenyewe kwa sababu tu unakwenda kutibiwa jino.

Hatua ya pili: Kutengeneza kinachobeba

Ugaga husafishwa, fizi hutibiwa mpaka ziache kutoa damu, na uozo wote huondolewa. Kipimo kikichukuliwa wakati fizi zinavuja damu, ukingo wa kofia hautakaa sawasawa. Ikiwa kiini cha jino kimekufa au kimeoza, matibabu ya mzizi hufanyika sasa, kisha sehemu iliyopungua hujengwa upya kwa kijazo imara. Jino likiwa limebaki kidogo mno, daktari anaweza kuingiza kijiti cha nyuzi za kioo au cha chuma ndani ya mzizi ili kukishikilia kijazo hicho. Kijiti hicho hakiuimarishi mzizi kama wengi wanavyodhani. Kazi yake ni kushikilia kijazo tu, na kwa kuwa nafasi yake huchongwa ndani ya mzizi, hakipaswi kuwekwa pasipo haja.

Hatua ya tatu: Kuchagua kitu cha kutengenezea

Kofia za chuma kitupu, ikiwemo ile ya dhahabu ambayo wazee wengi wa pwani waliivaa kama pambo, zina sifa moja ambayo hazijapitwa nayo: huwa nyembamba, hivyo jino husagwa kidogo, na hazimeguki. Kwa gego la nyuma lisiloonekana mtu anapocheka bado ni chaguo la busara. Anayejua kwamba ngozi yake huwashwa na hereni au mkanda wa saa wa bei ndogo amwambie daktari, kwa sababu huenda ana mzio wa nikeli, ambayo hupatikana katika baadhi ya michanganyiko ya chuma.

Kofia ya chuma iliyofunikwa kauri imetumika kwa miongo mingi na hubeba vizuri magego na madaraja. Udhaifu wake ni kwamba kauri ya juu huweza kubanduka, na baada ya miaka, fizi ikishuka, mstari wa kijivu hujitokeza kwenye ukingo. Zirkonia ni kauri ngumu sana, nyeupe, inayovumilia nguvu za kutafuna nyuma; lakini ni lazima ing'arishwe kikamilifu kila inapopunguzwa, la sivyo uso wake wenye mikwaruzo hulila jino linaloumana nayo. Kauri ya lithiamu disilikati hupitisha mwanga kwa namna inayokaribia jino la asili, kwa hiyo hupendelewa kwa meno ya mbele, ingawa si chaguo la kawaida kwa daraja refu la nyuma.

Ushauri wangu kwa gego la kwanza ni zirkonia au chuma kilichofunikwa kauri, kulingana na uwezo wa mfuko, na chuma kitupu kwa mtu ambaye husaga meno sana usiku au ambaye jino lake ni fupi.

Hatua ya nne: Siku ya kusaga na kuchukua kipimo

Rangi huchaguliwa mwanzoni, kabla meno hayajakauka kwa kuachwa wazi, kwa sababu jino likikauka huonekana jeupe kuliko lilivyo. Omba ichaguliwe karibu na dirisha, kwa mwanga wa mchana, na kama unapaka rangi ya mdomo iondoe kwanza. Kisha huja sindano ya ganzi, na jino husagwa huku likimwagiwa maji ili lisipate joto. Upande wa kutafunia huondolewa milimita 1.5 hadi 2 kwa kofia nyingi za kauri, na pande nyingine milimita 1 hivi au zaidi kidogo. Kuta huachwa zikiwa zimeinama kidogo tu kuelekea juu. Zikiinama mno kama pia ya kuchezea iliyogeuzwa juu chini, kofia haitakuwa na cha kushikilia isipokuwa simenti.

Uzi mwembamba huwekwa kati ya fizi na jino ili ukingo uonekane, kisha alama ya meno huchukuliwa kwa silikoni laini inayoganda mdomoni kwa dakika chache, au kwa skana inayopiga picha nyingi na kuziunganisha. Njia zote mbili hutoa kazi nzuri mikononi mwa anayezijua. Alama hiyo huenda kwa fundi wa maabara ya meno, na wewe huondoka na kofia ya muda.

Kofia ya muda hutengenezwa kwa plastiki na hushikiliwa kwa simenti dhaifu kwa makusudi, maana itavuliwa baada ya wiki moja hadi tatu. Tafuna kwa upande mwingine, epuka ubani wa kutafuna, kashata, miwa na mahindi ya kuchoma, na unaposafisha kwa uzi uvute kutokea pembeni badala ya kuunyanyua juu. Ikitoka, rudi kliniki mapema, kwa kuwa jino lililosagwa likikaa wazi kwa siku nyingi meno jirani husogea, na kofia ya kudumu ikifika haitaingia.

Hatua ya tano: Siku ya kufunga

Ninaomba msomaji asiwe na haraka siku hii, kwa kuwa simenti ya kudumu ikishaganda, kosa lolote hurekebishwa kwa kuikata kofia na kuanza upya. Kofia hujaribiwa kwanza bila simenti. Uzi wa meno unatakiwa kupita kati yake na jino jirani kwa kubana kidogo: ukipita bila upinzani wowote, chakula kitakuwa kinanasa hapo kila siku, na ukikatika, kofia inabana kupita kiasi. Daktari hupitisha kijiti chenye ncha kwenye ukingo ili ahakikishe kwamba hakuna ngazi wala uwazi kati ya kofia na jino, kwa sababu uwazi huo ndio mlango wa uozo mpya. Picha ya eksirei inaweza kupigwa ili kuona ukingo wa pembeni usioonekana kwa jicho. Shika kioo, tazama rangi na umbo, na sema usiporidhika. Mwishoni utauma karatasi ya rangi, na mahali panapogusa kabla ya meno mengine hupunguzwa na kung'arishwa.

Ganzi humnyima mtu hisia ya kujua kama anauma sawasawa. Ikiwa siku ya pili unahisi kwamba kofia inatangulia kugusa, usingoje kuizoea. Marekebisho yake ni ya dakika chache, na kuyaacha huleta maumivu ya jino na ya taya. Kusikia baridi kwa siku kadhaa, hata wiki chache, ni kawaida kwa jino ambalo kiini chake bado ki hai. Maumivu yanayopwita usiku, au yanayoletwa na kitu cha moto na yasiyoondoka, ni dalili kwamba kiini kinakufa na matibabu ya mzizi yatahitajika, ambayo mara nyingi hufanyika kwa kutoboa kofia bila kuiondoa.

Pengo likiwa limekwisha kuwepo: daraja

Gego la kwanza la chini upande wa kulia huandikwa 46 katika hesabu ya kimataifa ya meno, ambayo tarakimu yake ya kwanza hutaja robo ya kinywa na ya pili hutaja nafasi ya jino kutoka katikati. Likiondoka, jirani yake wa nyuma, yaani 47, huanza kuinamia pengo, na gego la juu lililokuwa likiumana nalo huweza kushuka polepole. Baada ya miaka pengo huwa limebadilika umbo kiasi kwamba kulitengeneza kunahitaji kazi mara mbili. Ndiyo maana uamuzi ufanywe mapema, ingawa si siku ya kung'oa: fizi na mfupa huhitaji takriban miezi miwili hadi mitatu kutulia kabla ya kuchukua kipimo cha daraja la kudumu.

Daraja la kawaida kwa pengo hilo lina sehemu tatu: kofia juu ya 45, jino bandia katikati, na kofia juu ya 47. Kliniki nyingi hutoza kwa kila sehemu, hivyo anayeulizia bei ya "jino moja" hushangaa kutajiwa bei ya matatu. Lakini gharama kubwa zaidi inaweza kuwa meno hayo jirani. Ikiwa 45 na 47 tayari yana vijazo vikubwa na yangehitaji kofia hata hivyo, daraja hutatua mambo matatu kwa pamoja, nami ningelichagua bila kusita. Ikiwa yote mawili ni mazima, hayajawahi kuguswa, ni vigumu kuhalalisha kuyasaga kwa ajili ya jirani aliyeondoka. Hapo kipandikizi cha titani kinachoingizwa katika mfupa, au hata meno bandia ya kuvaa na kuvua yaliyotengenezwa vizuri, yastahili kufikiriwa kwanza. Na kuna hali ambapo pengo la nyuma, lisilosumbua kutafuna wala kusogeza meno mengine, linaweza kuachwa na kufuatiliwa tu.

Meno yatakayobeba daraja hupimwa kwa ukali kuliko jino la kofia. Mwaka 1926 daktari Irwin Ante alipendekeza kanuni ambayo bado hufundishwa: eneo la mizizi ya meno yanayobeba, ile sehemu iliyoshikwa na mfupa, lisipungue eneo la mizizi ya meno yanayorudishwa. Leo kanuni hiyo haichukuliwi kuwa sheria isiyovunjwa, lakini humkumbusha daktari kwamba meno yaliyolegea hayawezi kubeba mzigo wa wengine. Urefu nao una hesabu yake. Kwa kanuni ya mihimili, kupinda huongezeka kwa urefu uliozidishwa wenyewe mara tatu, kwa hiyo daraja lenye meno mawili ya katikati hupinda takriban mara 8 kuliko lenye moja, unene ukiwa uleule. Anayeahidiwa daraja la meno manne ya nyuma juu ya nguzo mbili aulize maswali mengi.

Kwa jino moja la mbele liko daraja la kubandika, liitwalo Maryland kwa jina la chuo kikuu cha Marekani kilichochangia kuliendeleza, ambalo hushikwa kwa bawa jembamba lililogandishwa nyuma ya jino jirani bila kulisaga sana. Madaraja ya bawa moja yamefanya vizuri, mara nyingi kuliko yale ya mabawa mawili, kwa kuwa bawa moja likibanduka kimyakimya huku jingine likishika, uozo huingia chini yake pasipo mwenye jino kujua. Kwa kijana aliyepoteza jino kwa ajali ya pikipiki au mpirani, hilo ni la kuulizia kwanza. Wenye meno yenye madoa makali ya floraidi waelezwe kwamba gundi huweza kushika kwa shida zaidi katika meno yao.

Hatua za kusaga, kipimo na kujaribu ni zilezile, ila meno yanayobeba lazima yasagwe yakiwa na mwelekeo mmoja ili daraja liingie kwa pamoja. 47 lililoinama sana huenda likahitaji kusogezwa kwanza kwa waya. Jino la katikati liguse fizi kwa wepesi, likiwa na umbo la yai upande wa chini, na papite uzi.

Utunzaji na dalili za hatari

Kofia haiozi, lakini jino lililo chini yake huoza, na mahali pake ni pale ukingoni karibu na fizi. Piga mswaki mara mbili kwa siku kwa dawa yenye floraidi, ukiulaza mswaki kwenye mstari wa fizi. Uzi wa kawaida haupiti juu ya daraja kwa kuwa sehemu zake zimeungana. Tumia uzi wenye ncha ngumu unaopenyezwa chini ya jino la katikati, au brashi ndogo za kupitisha kati ya meno, kila usiku. Usinyanyuke kitini kabla ya kuonyeshwa namna ya kufanya hivyo na kujaribu mwenyewe. Usifungue chupa ya soda kwa meno, usivunje mifupa wala barafu, na kama unasaga meno usiku tengenezewa kinga ya plastiki ya kulalia. Rudi kukaguliwa kila miezi sita hadi mwaka. Kwa utunzaji huo, kofia na madaraja mengi huvuka miaka 10, na mengine huvuka 20.

Kofia ikitoka, ihifadhi, ioshe, na uende kliniki ndani ya siku chache. Usiigandishe kwa gundi ya dukani, ambayo hudhuru fizi na kuiharibu kazi, wala usilale nayo ikiwa imelegea, maana inaweza kuingia katika njia ya hewa. Daraja linalocheza upande mmoja ni la dharura hata lisipouma, kwa kuwa mate na vijidudu vimekwisha kuingia chini ya kofia iliyobanduka. Uvimbe wa shavu au wa chini ya taya ukiambatana na homa, ugumu wa kumeza au wa kupumua, nenda hospitali saa hiyohiyo, hata iwe usiku wa manane.

Kabla ya kulipa, hakikisha kwamba anayekutibu amesajiliwa: Tanzania Bara daftari liko kwa Baraza la Madaktari Tanganyika, na Kenya liko kwa baraza la madaktari na madaktari wa meno. Fundi wa mtaani anayebandika kofia bila eksirei na bila kupima ukingo hukuachia mtego wa chakula juu ya jino zima. Wenye bima waombe jibu la maandishi kuhusu kinacholipwa, kwa sababu kung'oa na kuziba kunaweza kulipiwa huku kofia ikiachwa nje. Na kazi ikimalizika, omba uandikiwe namba ya jino, tarehe, kitu kilichotengenezea kofia, alama ya rangi kama A2 au A3, aina ya simenti na nakala ya picha ya eksirei, kisha uviweke pamoja na kadi yako ya hospitali, ili daktari wa mji mwingine atakayeifungua kofia hiyo baada ya miaka 12 ajue anachokikuta.